Mlima Usiotaka Kusikia Uchovu

Nilipokuwa mtoto, hakuna mtu kijijini kwetu aliyethubutu kusema "nimechoka" akiwa mlimani. Wazee wa Ufipa waliamini kuwa mlima ukilisikia neno hilo hushusha ukungu na kumshika aliyelitamka. Aliyechoka alisema viatu vyake vinataka kupumzika, au anawasubiri wa nyuma.

Serikali ilikuwa imetuhamishia chini ya mlima huo, katika kijiji cha ujamaa chenye nyumba zilizopangwa mstari. Kila Ijumaa Kuu Wakatoliki tulipanda tukisali Njia ya Msalaba, kituo hadi kituo, mpaka kwenye msalaba wa mbao kileleni. Mama yangu aliishia kituo cha tatu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepooza tangu utotoni. Aliachwa pale alinde masweta na vibuyu vya maji vya wenzake, kwa hofu kwamba akipanda zaidi neno litamtoka na kuharibu safari ya wote.

Lakini mama alikuwa na nadhiri. Siku niliyozaliwa wakunga walikata tamaa nasi wote wawili, naye akaahidi kwamba tukipona ataushika msalaba ule kwa mkono wake. Nilikuwa nimefika darasa la tatu, na alikuwa hajaushika.

Mwaka huo, kwenye kituo cha tatu, aliwarudishia watu vitu vyao.

"Kila mtu abebe maji yake," alisema.

Katekista wetu, kijana aliyetoka Mbeya, alimsogelea. "Mama Yustina, kaa tu. Sala ya hapa na ya juu husikika sawa."

"Basi kaa wewe, mwalimu."

Watu walicheka, naye akapita.

Alitanguliza fimbo, kisha mguu mzima, kisha akauvuta ule mwingine. Penye mawe makubwa aliketi, akajisukuma juu kinyumenyume kwa mikono. Wanawake waliokuwa karibu walimtazama mdomo, wakihofia neno lile limtoke.

Kwenye kituo cha kumi katekista alijifuta uso. Alipenda kutuonyesha kuwa mambo ya mlima ni ushirikina. "Jamani, nimechoka," alisema kwa sauti, akitabasamu.

Kabla ya kituo kilichofuata ukungu ulishuka. Sikuuona tena mgongo wa mama. Watu walianza kugeuka. Mmoja akasema tusali hapo hapo turudi.

"Amesema mwalimu," sauti ya mama ilitoka mbele. "Mimi sijasema kitu. Nipisheni."

Akaanza Salamu Maria. Nilipanda nikiifuata sauti hiyo. Nyuma yangu mtu mmoja aliitikia, kisha wawili, kisha wote.

Kileleni tulitokea kwenye jua. Ukungu ulikuwa chini yetu, umelijaza bonde la Rukwa. Mama aliushika msalaba, akaniita, akaubana mkono wangu chini ya wake.

"Huyu hapa," alisema. Hakuwa akizungumza nami.

Leo najua kuwa msimu ule ukungu hushuka karibu kila siku, neno lisemwe lisisemwe. Kwa miaka mingi nilidhani mama aliushinda ushirikina. Sidhani hivyo tena. Aliamini kuliko sisi wote: mlima humshika aliyesema, na kumwacha asiyesema. Wengine waliitumia imani hiyo kumzuia. Yeye aliifuata mpaka mwisho, akakuta humo ruhusa yake.