Mwethya wa Kutembea

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na kila nikisikia kijana ameambiwa mgongo wake unahitaji kupasuliwa, inanirudia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa kwenye benchi la hospitali kubwa huko Nairobi, nimetoka Kibwezi, na sikuwa na utulivu hata kidogo. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikakaa tena. Mwishowe mwanamke aliyeketi kando yangu akanivuta gauni.

"Mama, hebu kaa chini. Unatikisa benchi na mimi nasuka."

Huyo alikuwa Nduku, mkulima wa Nuu, kule upande wa Mwingi. Alikuwa na kiondo mapajani na mgongo uliopinda kuelekea kulia. Wangu ulipinda kuelekea kushoto. Tulitazamana tukacheka, maana kila mmoja wetu alikuwa amezoea kuwa mtu wa pekee kwao, yule ambaye watoto wanamgeukia njiani. Nami hapo ndipo nilipokaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nikueleze kidogo. Mimi nilikuwa mshonaji pale sokoni Kibwezi. Mgongo wangu ulianza kupinda nikiwa msichana, na nyumbani walisema ni mitungi ya maji, kwamba nilibebeshwa mapema mno. Sivyo, lakini wakati huo nani angejua? Nilijishonea magauni yenye bega moja lililojazwa vitambaa, na nikaishi hivyo mpaka nikaolewa na kuzaa. Baada ya kumzaa kitinda mimba wangu nilianza kuishiwa na pumzi. Nikipanda kilima kidogo tu, nasimama. Nikicheka sana, nakohoa.

Daktari alituambia sisi wawili maneno yaleyale. Mgongo ungeendelea kupinda na kubana mapafu. Angeweza kuupasua, aunyooshe na kuufunga kwa chuma, kisha tungevaa plasta kuanzia kwapani mpaka nyongani kwa miezi kadhaa. Lakini hakuficha kwamba mishipa ya miguu iko hapohapo karibu, na kuna watu wanaoamka hawawezi kutembea tena. Akasema twende nyumbani tukafikirie.

Tukafikirie! Mwanangu, mimi si mtu wa kufikiria polepole. Njia nzima mpaka kituo cha basi nilikuwa nimekubali, nimekataa, na nimekubali tena. Mwisho nikamshika Nduku mkono nikamwambia tukatwe pamoja, wiki moja, vitanda viwili vilivyo karibu. Nilidhani nimempa zawadi.

Akanitazama vizuri kabla ya kunijibu. "Mama Kioko, mimi bado sijajua kama nataka hii kitu. Wewe ukitaka kukatwa, katwa, na mimi nitakuja nikae na wewe. Lakini usinipeleke kwa kisu ndio usiogope peke yako."

Ndani ya basi la kurudi nilinuna mpaka Makindu, karibu kufika kwetu. Lakini alikuwa amesema kweli.

Nyumbani mume wangu, Baba Kioko, hakutaka kusikia. Alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa kukaza nati na kuona kitu kimekaa sawa, na habari ya kupasua kisichoonekana ilimtia hofu. Usiku hakulala wala mimi sikulala, tukawa tunageuka tu kitandani kila mtu upande wake. Kanisani tuliombewa, na kila aliyeniombea alinivuta kando baadaye kunipa uamuzi wake. Huyu alisema kukataa ni kukosa imani, na huyu akasema kukubali ndiko kukosa imani. Mwishowe kilichoniamulia si maneno ya mtu. Siku moja nilishindwa kumalizia wimbo wa kumbembeleza mtoto wangu kwa kukosa pumzi. Nikamwambia Baba Kioko nakwenda, na yeye akasema basi twende.

Nduku alikuja. Kutoka Nuu mpaka Nairobi, na mgongo ule, alikuja. Baadaye nilielezwa jinsi siku ya upasuaji Baba Kioko alivyokuwa akienda langoni na kurudi, langoni na kurudi, mpaka askari akamuuliza kama amepoteza kitu. Nduku akamkalisha, akampa nyuzi za katani na kumwambia, "Sokota. Mikono ikikaa bure, kichwa inafikiria vibaya." Kwetu Ukambani kusokota katani ni kazi ya wanawake. Lakini mume wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikunja suruali akasokotea kamba pajani mbele ya watu mpaka nilipotolewa chumba cha upasuaji. Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kusogeza vidole vya miguu. Vilisogea. Nililia sana.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mambo yalipokaribia kuharibika, na walioyaharibu walikuwa watu wazuri.

Niliporudi Kibwezi nikiwa ndani ya plasta, mwethya wetu ulinipokea. Mwethya ni kile kikundi chetu cha wanawake cha kulimiana na kuchimbiana matuta ya kuzuia maji yasichukue udongo. Kiongozi wake, Mama Kavata, alikuwa na mikono mikubwa na huruma kubwa zaidi. Walichukua kila kitu. Maji waliteka wao, kuni wao, watoto wao, na shamba langu walilichimba kama la mtu mwenye bahati. Daktari alikuwa ameniagiza nitembee asubuhi na jioni, na kila siku niongeze kidogo. Lakini ningetembea vipi? Shamba letu lilikuwa mbele ya nyumba. Kila nilipofika mlangoni niliona migongo ya wenzangu imeinama juani kwa ajili yangu, nikaona haya, nikarudi kitandani. Nao wakiniona nimesimama walipiga kelele nikalale. Kwao, mgonjwa anayetembea ilhali mwethya uko shambani kwake amewaaibisha wote, kana kwamba hawamtunzi.

Basi nikalala, wiki baada ya wiki. Moyo ulihangaika ndani ya plasta kama panya debeni, na miguu ikazidi kukonda. Nilianza kuhisi ganzi vidoleni nikaogopa kumwambia mtu yeyote. Baba Kioko alisema ni vizuri kupumzika, na nilijua kwamba yeye pia anaogopa.

Siku moja Nduku akatokea, amepitia Kitui na Mutomo kwa barabara ile mbaya, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuniamkua vizuri hata. Alifunua shuka akaangalia miguu yangu.

"Daktari alikuambia nini?"

"Nitembee."

"Na umetembea mpaka wapi?"

"Mpaka choo."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. "Nitatembea aje na wenzangu wako kwa shamba yangu na hii jua? Watasema nimekuja kuwasimamia kama mzungu wa shamba la mkonge."

Hakucheka. Alisema, "Watu wamekuchimbia shamba, sawa. Hiyo miguu nani atakuchimbia? Ulikubali kukatwa ndio upate pumzi, halafu unakuja kujizika kwa nyumba juu ya haya." Maneno hayo yalinichoma, mwanangu. Nilitaka kumfukuza, lakini mtu aliyefungwa plasta hafukuzi mtu.

Kisha akatoka, akaenda moja kwa moja shambani. Nilimsikia kupitia dirisha.

"Mama Kavata, mimi ni mgeni, msinikasirikie. Nauliza tu. Mwethya si ni wa kusaidia mtu kazi yake?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi kazi ya Mama Kioko saa hii ni kutembea. Na hiyo ndiyo pekee hamjamsaidia."

Majembe yalinyamaza. Niliogopa, kwa sababu Mama Kavata hakuwa mtu wa kufundishwa na mgeni. Kisha nikamsikia anapangusa mikono. "Tangu nizaliwe sijaona mwethya wa kutembea," alisema. "Haya. Nani hapa hana kazi na miguu yake?"

Ndivyo ilivyoanza. Walipanga zamu kama walivyopanga zamu za kulima. Wawili walikuja asubuhi, wawili jioni, na aliyechelewa aliwatekea wenzake maji. Siku ya kwanza tulifika kwenye ua tu. Nilitembea kama kabati linalohamishwa, na watoto walitufuata wakicheka, na Mama Kavata akawaambia wacheke vizuri wakiwa wamebeba kiti changu cha kupumzikia. Kulikuwa na siku nilizogoma. Kulikuwa na siku nilizowatukana. Hawakuacha, kwa sababu sasa ilikuwa kazi, na mwethya hauachi kazi katikati. Kabla plasta haijakatwa nilikuwa nafika reli na kurudi kwa miguu yangu, na ile ganzi imeisha. Mgongo haukunyooka kabisa, bado umeinama kidogo ukitazama kwa makini. Lakini pumzi nilipata. Mtoto wangu nilimwimbia wimbo mzima, japo alikuwa amekua na hakuutaka tena.

Sasa unangoja nikuambie kwamba Nduku naye alikubali kukatwa. Hakukubali. Alikuja akanishika mgongo juu ya gauni, akapapasa kovu, akaniambia, "Nimeona. Umepona na nimefurahi. Na bado mimi sitaki." Nilikasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Mimi ndiye ushahidi, nimesimama mbele yake, anataka nini tena? Nilifungua kinywa kumshambulia, nikakumbuka yale aliyoniambia kule kituoni, nikakifunga.

Tangu hapo nilikuwa nikienda Nuu kila kiangazi. Mgongo wake uliendelea kama daktari alivyosema. Nilimpangia mito alale ameketi, nikamfundisha binti yake kumgeuza bila kumuumiza, na mchana nilimwegemeza begani tukatembea mpaka zizini na kurudi. Na swali lilikuwa nami wakati wote. Nilipanda nalo basi Kibwezi, nikashuka nalo Nuu, nikarudi nalo. Kwa nini hukukubali? Halikuniacha nitulie hata siku moja, lakini sikuliuliza.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake, miaka ya tisini, alikuwa akisema maneno machache kisha anapumzika. Alinishika mkono akasema, "Mama Kioko. Wote wananiuliza kwa nini." Akapumzika. "Wewe peke yako unauliza kama nimekula."

Basi mwanangu, nisikilize. Mwenzako akiwa na uamuzi mzito juu ya mwili wake, keti naye, mwambie unachojua na unachoogopa, kisha mwachie. Akikubali, usimtunze mpaka miguu yake isahau kazi. Mwamshe, mshike, vumilia matusi yake. Akikataa, usiondoke kwa hasira kwa sababu hakukufuata, maana huko ndiko atakakohitaji mtu zaidi. Na ikiwa wewe ndiye unayeamua, usione haya kuonekana dhaifu wala kuonekana unapona.

Mungu akupe pumzi inayotosha maneno yako yote, mwanangu. Akupe watu wa kukuinua ukilala mno. Na akikuweka karibu na mtu aliyechagua njia ambayo wewe usingeichagua, akupe nguvu ya kurudi kwake kila mwaka.