Magoti Mekundu

Mpaka leo nikinusa rangi nyekundu ya sakafu, ile tuliyokuwa tukiisugua kwa matambara mpaka saruji ing'ae, magoti yananiwasha. Msinicheke, ngojeni niwasimulie.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tukikaa Katandala. Kila Jumamosi wasichana wa parokia tulikutana ukumbini na mlezi wetu, Mama Perpetua, fundi cherehani mwenye sauti ya kuwaamsha wanaosinzia kanisani. Alitufundisha kusali, kuendesha kikao, na kusema mbele za watu bila kuangalia vidole vya miguu. "Msichana anayejua kunong'ona tu," alizoea kusema, "siku ya kikao atanyang'anywa hata kiti." Nilimpenda mno yule mama.

Shida ilikuwa baba. Yeye aliona tunakwenda kuchekacheka tu. Siku ya wazazi ilipokaribia nikapangiwa kuongoza sala ya kufungua, naye akanitazama juu ya kikombe chake cha chai. "Nitakuja kukusikia. Ukikwama, Jumamosi zako zinahamia shambani." Baba akisema, amesema. Nilikariri ile sala wiki nzima, nadhani hata mbuzi wa jirani waliijua.

Siku yenyewe baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulisugua sakafu tangu asubuhi, na kwa kiherehere chetu tukapaka rangi nyingi kupita kiasi, ikagoma kukauka. Mama Perpetua akaja na gauni jipya la rangi ya maziwa, alilojishonea kwa siku hiyo, akitembea amekamata pindo kama mtu anayevuka mto.

Nikasimama mbele. "Ee Baba mwema..." Hapo mlango ukafunguka, akaingia bibi yangu, mama yake baba, katoka kijijini Milepa na vumbi lake. Sasa, kwetu Ufipa mtoto hamwamkii mkubwa akiwa wima. Kabla akili haijanikumbusha niko wapi, nilikuwa nimeshapiga magoti, napiga makofi taratibu kumwamkia bibi. Ndipo nikashtuka. Mungu wangu! Sala yote ilishayeyuka kichwani. Nikamwona baba amekunja uso, nikajua kwaheri Jumamosi.

Mara Mama Perpetua akashuka chini, magoti yote mawili, akapiga makofi taratibu kama mimi. Wasichana wakamfuata, kisha wazazi, viti vikikwaruza, na mwisho baba naye. Ukumbi mzima ukapiga magoti. Maneno yakanijia, ila si yale niliyokariri. Nilimwamkia Mungu kama ninavyomwamkia bibi, nikamwomba asituache.

Njiani baba alikuwa na suruali yenye madoa mekundu. "Sala ile ilikuwa na heshima," alisema. "Jumamosi uende."

Miaka yote niliamini kwamba Mama Perpetua alidhani kupiga magoti kwangu ni sehemu ya sala. Mwaka jana, nami sasa nikiwa mlezi wa wasichana katika ukumbi uleule, nilimpitia kazini kwake, nikamwuliza kama kweli hakujua kuwa nilikuwa namsalimia bibi.

Akaangua kicheko, cherehani ikasimama. "We mtoto! Mimi Mfipa wa kuzaliwa, nisijue salamu ya bibi?"

Alikuwa amevaa gauni lile la rangi ya maziwa, siku hizi ni la kazini. Penye magoti, lile doa jekundu halijawahi kutoka. Nikapiga magoti palepale kwenye vipande vya vitambaa, nikampigia makofi taratibu.