Salon Isiyo na Mwenyewe

Mwalimu Télesphore ana suti moja ya kahawia, naye huivaa hata akienda kuchota maji bombani. Kwa miaka ishirini na sita amefundisha mwaka wa nne wa shule ya msingi hapa Kadutu, na kwa miaka hiyo yote mshahara wa Serikali humfikia siku unayotaka wenyewe, halafu haukai. Mke wake, mama Séraphine, anauza mboga za lenga-lenga sokoni. Nyumba yao ya mbao imeng'ang'ania mlima kama zetu zote. Lakini usimwambie Télesphore kwamba yeye ni maskini. Atakusahihisha kama anavyosahihisha wanafunzi wake.

Kwa hiyo binti yake Gisèle alipomaliza sekondari na asilimia sabini na mbili, akataka kusomea uuguzi, kikwazo cha kwanza kilikuwa baba. Kuna fondation moja, shirika la misaada lenye ofisi Nguba, karibu na ziwa, inayowapa bourse, yaani ufadhili wa masomo, watoto wa familia zisizojiweza. Ili uingie, unaleta hati ya umaskini yenye mihuri, na mihuri hailetwi na upepo. Inalipiwa. Maskini asiye na cha kulipia hati hiyo bado hajawa maskini wa kutosha. Gisèle na mama yake walilipa kwa siri, hati ikatoka, na mwalimu akaitia saini huku amegeuza uso pembeni.

Bourse ikapatikana. Kuilinda ndiyo ilikuwa kazi. Gisèle alitakiwa apate asilimia sitini kila mwaka, awaandikie barua ya shukrani wafadhili ambao hajawahi kuwaona, na apigwe picha ameshika bango, akitabasamu, lakini si sana. Juu ya hayo, kila mwaka mtu wa fondation alikuja nyumbani kuhakikisha kwamba familia bado inastahili, yaani haijajisahau ikaanza kula vizuri. Mwaka wa kwanza mwalimu alikuwa Nyantende kwenye msiba, mama Séraphine akapokea ziara peke yake, mambo yakapita salama.

Mwaka wa pili alikuwepo. Simu ililia Jumatatu: Bwana Christophe, msimamizi wa bourse, atafika Alhamisi.

"Mugeni wa mutoto wangu hawezi kukaa juu ya kisanduku," mwalimu akasema.

"Papa, njo vile banataka," Gisèle akamjibu. "Akae juu ya kisanduku, aone."

"Aone nini? Kama baba yako hajui kupokea batu?"

Jumatano nzima alizunguka avenue, mtaa wetu, akiazima. Maman Lucie, mjane jirani yake anayeuza vitenge, alimpa salon yake: viti vinne vya velvet nyekundu, bado na plastiki ya dukani. Mwingine alitoa televisheni. Mimi nilitoa saa ya ukutani. Kuku mmoja aliyekuwa amebaki akachinjwa.

Bwana Christophe alikuja na jipi nyeupe. Alikaa kwenye velvet, akala mapaja yote mawili, akanywa bia mbili, akatazama pande zote.

"Mwalimu, muko vizuri hapa."

"Tunajikaza," Télesphore akasema, uso unang'aa.

Wiki mbili baadaye barua ikafika. Gisèle aliiweka mezani mbele ya baba yake.

"Soma, papa. Iko na Kifaransa kizuri, utaipenda."

Barua ilisema familia inaishi vizuri na bourse imesimamishwa. Mwalimu aliisoma mara mbili. Aliona kosa moja la tahajia, akalipigia mstari mwekundu kwa mazoea, kisha akaweka kalamu chini.

Asubuhi alishuka Nguba kwa miguu, na suti yake. Bwana Christophe alimpokea kwa adabu. Jambo ni rahisi, alimwambia: kama viti si vyako, mwenyewe aandike karatasi kwamba ni vyake.

Basi Télesphore akaenda kwa maman Lucie. Hakujua, maana hakuwa mtu wa kuulizauliza mambo ya watu, kwamba Didier, mtoto wa maman Lucie, anasoma kwa bourse ya fondation hiyo hiyo. Siku ya ziara ya kwake, maman Lucie alikuwa amepeleka viti kwa dada yake na kumkalisha Bwana Christophe juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yeye aliifahamu kazi hiyo.

"Papa Télesphore, uniombe kitu ingine. Ile salon mimi siijui."

"Lucie, iko mu nyumba yako. Naiona hapa mu mulango."

"Unaona vibaya."

Akaenda kwa mwenye televisheni, akaambiwa ni ya shemeji aliye Uvira. Akaja kwangu. Binti yangu alikuwa ameweka dosye yake ya kuomba bourse kwenye ofisi ile ile mwezi huo. Saa ilikuwa inagonga ukutani nyuma ya kichwa changu tulipokuwa tunaongea, nami nilimwambia simfahamu mtu mwenye saa.

Télesphore alirudi Nguba. "Sikupata mwenyewe," akamwambia Bwana Christophe. "Barua yenu inasema salon iko yangu. Muzuri. Naipa fondation, muuzishe, mulipie mutoto masomo. Iko kwa maman Lucie."

Watu wa avenue wanapenda kusema mwalimu alitega mtego. Nilimwona siku ile, hakutega kitu. Aliamini tu kwamba mtu aliyesema kitu si chake hatakilia kikiondoka.

Bwana Christophe alifika na wabebaji wawili. Kiti cha kwanza kilipovuka mlango, maman Lucie alitoka mbio, kitenge kinamwanguka.

"Muache! Hii salon iko yangu! Nilinunua na pesa yangu, niko na facture!"

Akaingia, akatoka na facture, risiti ya dukani yenye jina lake na tarehe. Bwana Christophe alinakili vyote polepole, na mwandiko mzuri. Hapo ndipo maman Lucie alipoelewa. Alikaa kwenye kile kiti kimoja, katikati ya njia, na hakuna aliyemwendea. Mimi pia sikumwendea.

Gisèle alirudishiwa bourse, lakini mitihani miwili ilikuwa imeshampita kwa kukosa minerval, ile ada ya masomo, akairudia katika sesioni ya pili. Bourse ya Didier ilikatwa wiki hiyo hiyo.

"Ulinirudishia yangu, ukamunyanganya Didier yake," Gisèle akamwambia baba yake.

Mwalimu akavaa suti, akashuka Nguba mara ya tatu, sasa kwa ajili ya mtoto wa jirani. Alieleza kwamba mtu anaweza kuwa na viti vinne na akakosa minerval. Bwana Christophe akamwambia vigezo ni vigezo, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Maman Lucie aliuza salon. Ililipa mwaka mmoja wa Didier, na sasa kwake kuna ndoo tu, safari hii ya kweli. Aliomba bourse upya. Alijibiwa kwamba, kwa mujibu wa dosye, ana salon ya velvet.

Télesphore ndiye aliyemwandikia rufaa, kurasa tatu, Kifaransa kisicho na kosa hata moja. Gisèle alipata asilimia sitini na sita, na jioni hunakiliana masomo na Didier kwenye ngazi. Rufaa imefikisha miezi minne. Maman Lucie anapita kwa mwalimu kila Jumapili baada ya misa kuuliza kama jibu limekuja, na mama Séraphine anamletea kisanduku cha kukalia.