Siku Niliyousimamisha Muziki wa Nyalenda

Kabla sijaiona nyatiti, niliusikia mguu wa mpigaji wake: pete ya chuma iliyovikwa kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao, ko, ko, ko, na nyuzi nane zikilia juu yake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimetoka Nyandarua kumtembelea Tata Wambui, dada ya baba, aliyeuza viazi mtaa wa Nyalenda, Kisumu. Likizo ile ya Agosti sikuwa na kazi ila kutafuta muziki ulikotoka. Niliufuata kwa vinyozi waliofungulia benga kutwa nzima, nikaufuata hadi kwenye ngoma za makanisa ya mabati, lakini kila alasiri nilijikuta kwenye hoteli ya omena, dagaa wa ziwani, iliyotazamana na kibanda cha Tata. Hapo Mzee Okelo alikaa kwenye kigoda kifupi akipiga nyatiti yake, na moshi wa jikoni ulinichoma macho lakini sikutaka kuondoka.

Kilichonishangaza zaidi ni kujisifu, ambako wenyeji wa huko wanakuita pakruok. Mtu yeyote ananyanyua mkono, mpigaji ananyamazisha nyuzi, na yule mtu anajitaja: ni nani, mtoto wa nani, wa wapi, ana nini cha kuringia. Kwetu mtu wa namna hiyo angeombewa. Hapa fundi wa baiskeli alisimama akajiita ndovu wa Ahero, na watu wakamwitikia kwa heshima zote. Niliona wivu. Tata hakuwahi kunyanyua mkono, ingawa nyimbo zile alizijua zote na aliziimba chini chini akipanga viazi.

Jumamosi moja mteja alimtania Tata avuke barabara naye ajisifu. Muuza mitumba aliyekaa karibu nami akacheka.

"Huyo atajisifu na nini, Bwana? Ni mpita njia tu. Kura ikikuja, atafunga kibanda aende kwao."

Tata alisikia. Aliinama akaendelea kupanga viazi vilivyokuwa vimeshapangwa. Hasira ilinipanda hadi masikioni, nikanyanyua mkono.

Mzee Okelo akanyamazisha nyuzi. Hoteli nzima ikanigeukia.

"Mimi ni Nyambura, nyar Nyandarua, mtoto wa Wambui wa viazi," nikasema. Nyar ni binti, neno nililoliokota pale pale. Nikaeleza kwamba watu wa Ahero walipokimbia mafuriko wakaja Nyalenda, Tata ndiye aliyewapikia, sufuria tatu kila siku. Kisha nikaishiwa. Sikujua kwamba anayejisifu ndiye humpa mpigaji ishara ya kuendelea. Mimi nilimngoja yeye, yeye akaningoja mimi, na kimya kile kikawa kirefu kuliko mahubiri. Sikuwa na sifa nyingine, nikasema nililokuwa nalo.

"Na hatuendi popote."

Mzee Okelo aliitikia kwa kichwa taratibu, akagonga ubao, na jina la Wambui likaingia kwenye wimbo. Muuza mitumba akatazama viatu vyake. Jioni Tata alinigombeza kwa kukosa adabu, huku akinipakulia kipande kikubwa cha samaki wa mbuta.

Sasa naishi Nairobi. Nikienda Kisumu nakuta muziki umehamia kwenye kumbi za spika kubwa, na watu wanajisifu kwa maikrofoni, simu mkononi. Hilo halinisumbui, waache waringe. Anayenisumbua ni mimi mwenyewe. Kila uchaguzi unapokaribia, ndugu zetu humpigia Tata simu wakimtaka arudi Nyandarua kwa kuhofia ghasia za kikabila, na juzi nilimpigia mimi. Nilimsihi aje kwangu mpaka mambo yatulie. Akaniuliza ni nani amenifundisha woga, akasema viazi vimefika na hana muda wa porojo. Niliona haya hadi nikashindwa kukata simu. Nilimwambia aniwekee kiti kibandani, maana wiki ya kura nitauza naye, na atakayekuja kuuliza kwetu ni wapi atuulize sote wawili.