Jina la Yesu kwa Wino Mbichi

Riwaya yangu ya kwanza haikuwa na neno Yesu hata mahali pamoja, na nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia riwaya yenyewe. Nilikuwa binti wa miaka kumi na minane mwenye kiburi cha kuwatosha watu watatu. Tuliishi Remera, mama na mimi, katika nyumba ambayo baba, fundi mwashi kutoka Ujiji, aliijenga kisha akafariki kabla hajaipiga lipu. Kiswahili kilikuwa lugha yake, kikabaki lugha ya nyumbani hata baada ya yeye kuondoka. Majirani walituona watu wa ajabu kidogo, Wakristo wanaosali kwa Kiswahili, kwa maana Kigali ya siku zile iliamini Kiswahili ni cha Waislamu, madereva na askari.

Niliwaandikia vijana. Ilikuwa hadithi ya nchi ya vilima ambako jua limeacha kuchomoza kwa sababu Kivuli kimekalia kiti cha enzi. Mfalme wa kweli alivuka mto zamani, mto ambao walio hai hawauvuki, na aliahidi kurudi. Watoto wa nchi hiyo wanamngoja. Kila mmoja amefukia kaa la moto kwenye majivu ya jikoni kwao, na analilinda lisizimike, maana wazima-moto wa Kivuli hupita nyumba kwa nyumba wakipapasa majivu kwa mikono. Aliyesoma Injili angejua mfalme huyo ni nani. Asiyeisoma angeifurahia safari tu. Ndivyo nilivyotaka, na sikutaka ushauri.

Katekista wa parokia yetu ndiye aliyeipiga chapa, kwa vidole viwili, kwenye mashine ya ofisi ya kanisa. Alikuwa mtu mzima mpole, mwenye kikohozi, na alicheka kwenye sehemu za kuchekesha, jambo lililotosha kunifanya nimpende.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "weka jina ya Bwana hata mara moja. Watu wajue ni nani."

"Hadithi si mahubiri, mwalimu."

"Kichwa yako iko ngumu," akasema, akaendelea kupiga.

Jumamosi mchana, baada ya mazoezi ya kwaya, aliniruhusu niwasomee vijana sura moja moja. Waliipenda kuliko nilivyotarajia. Wakachukua salamu ya watoto wa hadithini wakaifanya yao. Mmoja husema, "Mfalme anarudi," na mwenzake hujibu, "Moto haujazimika." Niliwahi kuisikia kwenye kituo cha basi, wasichana wawili wakiagana, nikatembea hadi nyumbani bila kuhisi miguu.

Kisha ikaja Oktoba ya mwaka tisini, vita vikaanza kaskazini. Waasi walikuwa wamevuka mpaka kutoka Uganda, watoto wa Watutsi waliokimbilia huko zamani, na redio ikasema wanataka kumrudisha mfalme wao aliyepinduliwa. Nilikuwa nachambua maharage. Mikono yangu ikasimama yenyewe. Mama akanitazama, nami nikamtazama, na nilijua kwamba sote wawili tunazifikiria karatasi zilizokuwa kwenye sanduku chini ya kitanda changu.

Sijui nieleze vipi hofu ya mwezi ule kwa mtu asiyeijua. Watu walichukuliwa. Jirani aliyeuza sabuni alichukuliwa asubuhi, mkewe akaambiwa atarudi jioni, na jioni nyingi zikapita. Waliitwa ibyitso, washirika wa adui, na haikuhitaji ushahidi mwingi. Kwa mtu kama mimi, mtoto wa mwashi wa Ujiji, huenda yangeishia kwenye makofi na karipio. Lakini kitambulisho cha katekista kiliandikwa Mtutsi, na mtaa mzima ulijua nani anapiga chapa kwenye mashine ya parokia. Kama karatasi zile zingesomwa vibaya, ni yeye ambaye angeondoka. Alikuwa amekwisha kusimamisha usomaji wetu wa Jumamosi, bila kelele, akisema kwaya inahitaji muda zaidi.

Kusimamisha usomaji kulikuwa rahisi. Salamu ilikuwa imeshaingia kwenye ndimi.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tukizibua mtaro kando ya barabara. Responsabule, mkuu wa selile yetu, yaani serikali ya mtaa, alisimama juu ya kifusi akihakikisha hakuna anayetegea. Mtoto mmoja wa kwaya, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, aliyekuwa msikilizaji wangu mkubwa, akaniona ng'ambo ya mtaro. Uso ukamng'aa. Akapaza sauti yake nzuri ya soprano:

"Mfalme anarudi!"

Majembe yakasimama. Mtoto akabaki anatabasamu, akingoja nimjibu kuhusu moto, na nilimwomba Mungu mtoto asilitoe jibu hilo kwa niaba yangu.

Responsabule akashuka taratibu. "Nani huyo anarudi?"

"Ni hadithi tu, mzee. Hadithi ya kanisa."

"Hadithi ya nani?"

"Ya Yesu," nikasema. Ilikuwa kweli kabisa, na niliisema kama mwizi.

"Iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Kesho mchana nitapita, nitaisoma mwenyewe. Na katekista awepo." Akatabasamu kidogo. "Kiswahili najua. Nimeendesha rori mpaka Mombasa."

Mama alitaka tuchome. Alikuwa ameshawasha imbabura, jiko letu la mkaa, kabla sijavua viatu. Nikamwambia tukichoma, responsabule atauliza tumechoma nini, na jibu atalitunga yeye. Nikaziweka karatasi mezani na kuzipitia kwa macho ya mtu mwingine, macho ya dereva wa zamani mwenye cheo. Mfalme yuko ng'ambo. Mfalme anakuja na walio wake. Watoto wanaficha moto majumbani. Kila ukurasa ulikuwa kesi. Na mahali pa kuonyesha kidole nikasema ona, ni Yesu, hapakuwepo, kwa kuwa mimi, msanii, nilikataa.

Kwenda kwenye mashine ya parokia siku ile kungeonekana. Basi Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilichukua kalamu ya wino aliyoniachia baba nikaanza kuandika. Kila penye Mfalme niliongeza Yesu juu ya mstari, kama mwandishi anayesahihisha kazi yake. Mfalme Yesu yuko ng'ambo ya mto. Mfalme Yesu anarudi. Nililia kwa hasira. Niliikasirikia redio, nikamkasirikia responsabule, na, Mungu anisamehe, nikamkasirikia Yesu mwenyewe kwa kuwa na habari inayofanana hivyo na ya maadui wa serikali. Mama alizitandaza karatasi kitandani na kuzipepea kwa upande wa khanga. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, hewa ilikuwa nzito, na wino haukutaka kukauka.

Katekista akafika akiwa amevaa koti lake la misa. Akaona nilichokuwa nafanya. Angeweza kusema, si nilikuambia. Akaketi, akanisogezea karatasi zilizobaki, moja baada ya nyingine, akiipuliza kila niliyoimaliza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Responsabule aliingia, akakataa chai, akavuta kiti. Alisoma kimyakimya, akifuata mstari kwa kidole gumba, tabia ambayo naamini aliipata kwenye karatasi za mizigo mipakani. Alisoma kwa muda mrefu. Mahali fulani alicheka, sehemu ile ile aliyochekea katekista, kisha akakunja uso haraka. Mama alisimama mlangoni na rozari mfukoni, nikazisikia punje zikigongana.

Kisha kidole kikafika kwenye karatasi za mwisho, zile ambazo khanga haikuziwahi. Nilikiona kikipita juu ya jina, na jina likakifuata. Mstari wa bluu ukavutwa hadi ukingoni mwa karatasi. Akaacha kusoma. Akageuza kidole, akakitazama. Akamtazama katekista, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayenyolewa. Akanitazama mimi.



Alikipangusa kidole ndani ya mfuko wa suruali, polepole, mahali ambapo doa halitaonekana.

"Yesu iko mingi humu," akasema.

Akazikusanya karatasi, akazibana kwapani chini ya koti zisilowe, akasema zitabaki kwake na kwamba watoto wasisomewe tena. Mlangoni alimwambia mama amtie binti yake adabu. Hakumwambia katekista neno. Sikupata kujua kama alituhurumia au alitaka tu kitu cha kutushikia. Tuliishi na swali hilo, na kila gari lililopunguza mwendo karibu na nyumba lilinifanya nisimame wima. Katekista alibaki nasi hadi Aprili ya mwaka tisini na nne. Mwezi huo Watutsi walipoanza kuuawa kwa jumla, hakuna maelezo yoyote yaliyomsaidia yeye wala wengine waliouawa pamoja naye.

Lakini ninayemkumbuka ninapoulizwa kwa nini sikuiandika upya riwaya ile ni yule mtoto. Jumapili iliyofuata ile ya karatasi tulikutana naye nje ya kanisa, mama yake amemshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Aliponiona, mdomo ukafunguka kwa mazoea, na nikasubiri, nikiogopa, na nikitamani pia, sitaficha, kusikia kwamba Mfalme anarudi.

Akaufunga. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama wanavyotazama watoto wa hadithini kabla ya kufukua majivu.

"Mwaramutse," akasema kwa Kinyarwanda, kama mtu yeyote anayemwamkia mtu yeyote asubuhi.

"Mwaramutse," nikamjibu, na akapita.