Mbavu Tatu

Julai 1995, asubuhi ya ukungu, mbwa wa kaka yangu alikutwa amekufa jikoni kwa mama, Mpuguso, juu ya kitanda chake cha majani makavu ya migomba. Kaka mwenyewe alikuwa ametangulia miaka mitatu kabla. Naandika habari za mbwa kwa sababu za kaka bado siziwezi, ingawa najua kwamba ni habari moja.

Kaka alikuwa mtunza mbwa wa meneja wa shamba la chai. Meneja alikuwa mzungu, na mbwa wake hawakufanana na mbwa tuliowajua. Walikuwa warefu, kifua kimeshuka chini, tumbo limepanda juu, kiuno kama cha nyigu, na ngozi nyembamba hata mishipa ilionekana. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara binafsi na shamba likauzwa kwa wenye mali wapya, meneja alifungasha akaondoka. Mbwa mmoja, jike la rangi ya majivu, akamwachia kaka. Jina alilopewa na mzungu hatukuweza kulitamka. Nyumbani tukamwita mgeni.

Kaka alitusimulia asili yake kama alivyosimuliwa na meneja. Alisema wafalme wa Misri ya kale walikuwa na mbwa wa namna hiyo, wakawachora kwenye kuta za makaburi yao. Baadaye Ulaya mabwana wakubwa waliwatumia kukimbiza sungura, na siku hizi huko hukimbizwa uwanjani, sungura akiwa wa bandia na watu wakicheza kamari. Sijui kama yote ni kweli. Mimi niliishia darasa la saba, na naandika nilivyosikia. Lakini jambo moja nililiona kwa macho yangu: mbwa huyu hakuwinda kwa pua. Aliwinda kwa kuona. Kinachokimbia mbali akikiona, masikio yake hufungwa, hata umwite vipi hasikii.

Sasa fikiria mbwa wa kuona, kuletwa Rungwe. Kwetu ukungu huteremka mlimani asubuhi ukakaa migombani hadi jua likumbuke kutoka. Mbwa wa jirani walipita humohumo, pua chini, wakiendelea na shughuli zao. Mgeni alikaa kizingitini, shingo imenyooka, akitazama ule weupe. Hakubweka. Nadhani nilimwona mara mbili tu akibweka. Alisubiri dunia irudi. Ukungu ulipoinuka, mgomba mmoja baada ya mwingine, kisha uzio, kisha mteremko wa chai ng'ambo, naye aliinuka taratibu, kana kwamba vyote hivyo vimefanywa upya kwa ajili yake.

Kwa ulinzi hakufaa kitu. Mwizi angeweza kumruka akaingia ndani. Sehemu kubwa ya siku alilala. Alikuwa na tabia moja ya ajabu: mtu akisimama, alikwenda akamwegemea pajani kwa uzito wake wote, akafumba macho. Kaka alisema ndivyo wanavyosalimia.

Nilikuwa na cherehani yangu barazani Makandana, na kaka aliponitembelea naye, soko zima lilisimama.

"Dada, huyo mbwa au baiskeli?"

"Mpeni ugali huyo, asije akapita katikati ya miti ya uzio!"

Kaka alicheka nao. Kisha ukafika mwaka ambao watu hawakucheka tena vizuri, kwa sababu kaka naye alianza kukonda.

Anayekumbuka miaka ile anajua neno hilo lilikuwa na uzito gani. Mtu akikonda, hakuulizwa anaumwa nini. Watu walishusha sauti akipita. Sokoni nilimsikia muuza dagaa akimwambia mwenzake, "Hata mbwa wake anao. Si umemwona mbavu?"

Kaka aliporudi nyumbani kulala kitandani, mgeni alirudi naye, na mama akaanza kazi ya kuwanenepesha wote wawili. Alipika ndizi kwa maziwa, makande, ugali na nyama alipoipata. Kaka alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Mama aliichukua hiyo sahani akampelekea mbwa.

"Basi angalau mmoja wenu anenepe," alisema.

Mgeni alikula, kwa sababu alikuwa na adabu. Tumbo likamvimba kama ngoma, akaharisha, akashindwa kusimama vizuri. Kaka alimwita mama, akamshika mkono, akauweka ubavuni mwa mbwa.

"Mama, hesabu. Mbavu tatu za mwisho lazima zionekane. Zikionekana, mzima. Zikifichika, amenenepa, ataumia. Huyu ndivyo alivyoumbwa."

"Na wewe?"

"Mimi sikuumbwa hivi, mama."

Mama alitoka akaenda kuosha sahani ambayo ilikwisha oshwa.

Tangu hapo kaka alinifundisha mimi, akiwa kitandani. Chakula kidogo asubuhi, kidogo jioni, na asikimbie akiwa ameshiba. Alale pakavu na palaini, maana viwiko vyake havina nyama na sakafu humtia vidonda. Kucha zikatwe. Asiachiwe karibu na seng'enge, ngozi yake huchanika kama karatasi. Na baridi: hana mafuta mwilini, Julai yetu itamuua. Nilichukua sweta la kaka la mtumba, la kijani, ambalo sasa lilimpwaya, nikang'oa mikono, nikalipunguza tumboni, nikamvika mgeni. Mikono niliiweka kwenye kikapu changu cha vipande. Mshonaji hatupi kitambaa.

"Nikiondoka watataka kumuua," kaka aliniambia siku hiyo, akilitazama sweta lake likitembea. "Wasimuue. Na wasimnenepeshe."

Nilimjibu sawa. Sikujua nitafanyaje. Mimi ni mtoto wa kike, na kwenye vikao vya ukoo nilikuwa mtu wa kuleta chai.

Siku moja kabla hajazidiwa aliomba tumtoe nje. Ukungu ulikuwa umeinuka mapema. Tulimkalisha kwenye kiti, tukamfunika blanketi, na ng'ambo ya malisho kitu kikaruka majanini, labda sungura, labda hakuna. Mgeni alitoka. Sijawahi kuona tena kitu kama kile. Miguu yote minne ilikuwa hewani, mgongo ulikunjika na kufunguka, na nyasi zililala nyuma yake kama zimepigwa na upepo. Mama alisimama mkono mdomoni. Ule mwili tuliouonea huruma ulikuwa na kila kilichohitajika, wala hapakuwa na cha kuongeza. Aliporudi alikuja kuegemea kiti cha kaka, akihema, na kaka alicheka hadi akakohoa.

Akazikwa wiki iliyofuata, pembeni mwa migomba.

Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa uani kugawana vitu vyake. Koti lilipata mtu, jembe na redio pia. Kisha shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, akamnyooshea kidole mgeni aliyelala karibu na mlango.

"Na huyu je? Huyu anao ule ugonjwa. Mtazameni alivyokonda. Kuna watoto hapa, atawamaliza. Vijana wamchukue bondeni leo hii."

Baba mdogo alikubali kwa kichwa. Kijana mmoja aliinuka kutafuta kamba. Mimi nilikuwa na birika mkononi. Niliinamia vikombe, nikamimina chai.

Mama ndiye aliyesema. Alisema kwa Kinyakyusa, polepole, nami naandika kwa Kiswahili.

"Wifi, huyu hajakonda. Huyu ndivyo alivyo. Aliyekonda ni mwanangu."

Hakuna aliyekuwa amelitamka neno lile juu ya kaka nyumbani kwetu, tangu alipoanza kuugua hadi tulipomfukia. Tulisema malaria, tulisema kifua. Shangazi aliinuka, nadhani aondoke kwa hasira, na alipokuwa amesimama akitafuta kanga yake, mgeni akanyanyuka, akajinyoosha, akamwendea, akamwegemea.

"Jamani, mtoeni!" shangazi alisema. "Mtoeni, ataniangusha!"

Hakuna aliyemtoa. Shangazi alibaki amesimama, mikono juu kama anayevuka mto. Kisha mkono mmoja ulishuka, ukagusa sweta.

"Si la marehemu hili?"

"Ndilo," mama alisema.

Shangazi akaketi tena, akaanza kulia, na kilio kile hakikuwa cha desturi. Yule kijana alirudi na kamba akakuta hakuna anayemwuliza.

Miaka mitatu mgeni aliishi na mama. Nilipokwenda Mpuguso niliwakuta kizingitini wote wawili wakisubiri ukungu uinuke. Mama hakumpa tena sahani zilizobaki. Kila alipopita karibu naye aliinama, akapitisha vidole ubavuni, midomo ikihesabu, kisha akaendelea na kazi.

Asubuhi ile ya Julai nilipofika, mama alikuwa bado jikoni, ameinama juu ya mgeni.

"Ziko tatu," aliniambia.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Majirani wawili walipita njiani, wakaangalia, wakaendelea na safari yao. Kabla hatujamfukia mama alimvua sweta, akalifua kwa sabuni ya mche, akalianika. Kwa ukungu ule lilichukua siku kadhaa kukauka. Lilipokauka alinikabidhi.

"Mikono unayo?"

Nilikuwa nayo, Makandana, kwenye kikapu. Niliirudisha, nikaongeza kipande tumboni nilipokuwa nimepunguza. Rangi haikulingana, mwili ulikuwa umepauka na mikono ilikuwa bado ya kijani. Mama alilivaa, akafunga kanga juu yake, akachukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe.