Madame Gaëlle na Duara Jekundu

Gaëlle Ilunga alitumwa kutoka Lubumbashi kufundisha fizikia Butembo, na vita vya mwaka 1998 vikamfungia njia ya kurudi. Alinuna kidogo, kisha akatafuta la kufanya.

Jirani yake, Kaswera, alitengeneza mafuta ya kujipaka. Alipiga mawese, maji na sabuni kidogo mpaka yakawa mazito kama maziwa mgando. Yaliuzwa hadi mji wa Mutwanga. Lakini yakikaa, mafuta yalipanda juu, maji yakabaki chini, wateja wakanung'unika.

Gaëlle alikuwa na kitochi cha leza chenye mwanga mwekundu, kichezeo cha watoto kilichokuja na wafanyabiashara wa Dubai. Alasiri moja alifunga pazia, akatia tone la mafuta yale katika glasi ya maji, akapitisha mwanga. Ukutani likatanda duara hafifu. Akamweleza Kaswera kwamba vitone vidogo vya mafuta huutawanya mwanga mbali, vikubwa huubakiza karibu na katikati. Kwa hiyo duara lile lingewaonyesha ukubwa wa vitone wasivyoweza kuviona.

Aliazima kipimo cha mwanga kwa Henri, mpiga picha, akapima jinsi wekundu ulivyofifia kutoka katikati. Kwanza alikisia kuwa vitone vyote vinalingana. Hesabu ikampa pete zilizotengana, na ukutani hapakuwa na pete. Akakisia upya: vidogo tele, vikubwa vichache. Safari hii hesabu ikalala sawasawa juu ya vipimo. Moyo ukamruka.

Furaha ilimponza. Aliinua mkono wenye kitochi, mwanga ukapenya mwanya wa pazia dirishani, doa jekundu, kama la bunduki inayolenga, likatua kifuani mwa mwanajeshi aliyekuwa zamu barabarani. Punde nyumba ikajaa bunduki.

"Ni wewe uko nalenga baaskari bangu?" akauliza Komanda Stanislas.

"Hapana, Komanda. Niko napima mafuta ya Mama Kaswera."

"Na bunduki ya aina gani?"

Gaëlle alimwonyesha duara ukutani, akaeleza tangu mwanzo. Komanda alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Mwishowe akacheka, akatia kitochi mfukoni, akaondoka na watu wake.

Jibu lilikwisha kupatikana. Vile vitone vikubwa vichache ndivyo vilivyomeza vidogo, mafuta yakapanda juu. Kaswera akapiga mafuta kwa muda mrefu zaidi, akayakamua kupitia kitambaa kizito ili vitone vikubwa vivunjike, na hayakujitenga tena. Mikebe yake ikafika hadi Mbau, mbele ya Beni.

Njia ilipofunguka, Gaëlle alienda Lubumbashi kusalimia ndugu zake, kisha akarudi Butembo.